Kulehemu pete na hereni nyumbani hapa Dar: vya kununua, vya kuokoteza na vya kuachana navyo

Ukienda Kariakoo ukamwambia muuza vifaa unataka kulehemu, atakutolea pasi ya fundi redio na kirolo cha waya wa risasi, atakwambia dada hapo umemaliza, na wewe utalipa utaondoka zako. Mimi nililipa. Nikaenda kuunga hereni za shaba pea sita, zikang'aa vizuri tu, nikawauzia majirani, wiki haijaisha pea tatu zimerudi zimeachia, moja imeachia ikiwa sikioni kwenye daladala, dada wa watu kashuka na upande mmoja. Na kuachia wala sio ubaya mkubwa. Ubaya ni kwamba ule waya mara nyingi ni bati lililochanganywa na risasi, na risasi ni sumu, kwa watoto ndo kabisa, hakuna kiwango kidogo cha kusema hiki hakina neno, sasa wewe unamning'inizia mama wa watu sikioni na mwanae kabebwa anaivuta anaitia mdomoni.

Kwahiyo kabla hujatoa hata mia, elewa kwamba kulehemu kwa fundi redio na kulehemu kwa sonara ni kazi mbili zinazogombania jina moja. Risasi ya redio inayeyuka kwenye nyuzi joto 190 hivi, inashika juu juu tu kama gundi. Lehemu ya sonara ni fedha yenyewe iliyochanganywa na shaba na zinki, inataka nyuzi 650 kwenda mpaka karibu 780, na ikishayeyuka inapenya katikati ya maungio inakuwa sehemu ya pete. Joto hilo pasi ya umeme hailifikishi kwenye pete hata uiwashe tangu asubuhi. Ndo maana mimi nasema hela yako iende kwenye moto na kwenye lehemu, hivyo viwili usibane, vingine karibu vyote hapa mjini unavipata jikoni kwako, duka la ujenzi, duka la dawa na kwa muuza mkaa.

Hatua ya 1: jua unaunga chuma gani

Anza na shaba nyekundu. Ni bei chee, inavumilia moto sana maana haiyeyuki mpaka nyuzi 1085, na ipo kila mahali. Mimi shaba yangu ya mazoezi ni waya wa umeme wa nyumba, ule wa uzi mmoja mzima, mafundi umeme wanabakiwa na vipande vifupi kila saiti, omba tu. Ila usidanganyike na namba iliyoandikwa, waya wa 1.5 sio unene milimita 1.5, hiyo ni eneo la mkato, unene wenyewe ni kama milimita 1.4 na wa 2.5 ni kama 1.8. Wa 1.5 unatosha hereni na vipete vyembamba, wa 2.5 ni pete ya kueleweka. Plastiki ya juu ichune kwa kisu, usiichome kama wale vijana wa skrepa, ule moshi una asidi unachoma koo na mapafu na unawanyanyasa wapangaji wenzio.

Shaba ya njano nayo inaungika ila inayeyuka mapema kuliko nyekundu, nenda nayo taratibu. Fedha ya 925, yani sehemu 925 kwa 1000 ni fedha na iliyobaki kwa kawaida ni shaba, inaanza kulegea kwenye nyuzi 800 na inakuwa maji kabisa kabla ya 900. Angalia hizo namba na zile za lehemu hapo juu utaona nafasi yako ya kukosea ni finyu, ndo maana nakwambia fedha usiiguse mpaka umeunga pete kumi za shaba.

Vile vidude vya urembo vya Kariakoo vya kung'aa vya jumla jumla usivipeleke kwenye moto kabisa. Vingi ni zinki iliyopakwa rangi ya dhahabu, na mchanganyiko huo unayeyuka kwenye nyuzi 400 kama hivi, utageuka tu kidogo kuchukua kibano ukirudi una kidimbwi. Na vikuku vya bibi pia kuwa navyo makini. Huku pwani zamani fedha ya vito vingi ilitoka kwenye riali za Maria Theresa, zile zote zimeandikwa 1780 hata zilizopigwa miaka mia baadae, na fedha yake ni 833 sio 925. Ya hivyo inaanza kulegea kwenye nyuzi 780 ambako lehemu ngumu nayo ndo kwanza inakimbia, kwahiyo tumia lehemu laini au mpelekee sonara mzee afanye, urithi wa watu sio wa kujifunzia.

Na kitu ambacho kishawahi kuungwa kwa risasi, hicho kataa. Mimi nililetewa pete ya fedha ya marehemu mama ya mtu, ina kidoa cha kijivu kwa ndani nikajua uchafu, nikawasha moto. Risasi ikipata joto kubwa juu ya fedha inaila, inatoboa vishimo kama bati lililooza kwa chumvi ya bahari. Nililipa ile pete kwa miezi miwili. Siku hizi nikiona kijivu kijivu kwenye maungio namrudishia mtu mzigo wake kwa adabu, mpaka risasi yote ikwanguliwe kwanza.

Hatua ya 2: moto

Sio tochi ya kumulika, tochi ya gesi, ile ndogo ya kushika mkononi ambayo wapishi wanaunguzia sukari juu ya keki. Zipo za aina mbili. Kuna ya kujaza gesi ya kiberiti chini na kuna kichwa unachokifunga juu ya kopo la gesi la majiko ya kubebeka. Ya kujaza inatosha pete, hereni, pingu za mkufu, kikuku chembamba. Ya kopo ina nguvu zaidi, kama unawaza bangili nene nunua hiyo moja kwa moja usije ukanunua mara mbili. Raha yake moja ni kwamba umeme ukikatika kazi inaendelea.

Wakati wa kununua mwambie muuzaji aiwashe. Unatafuta moto wa bluu wenye kimoto kidogo chenye ncha ndani yake, usiorukaruka na usio na manjano. Sehemu ya moto mkali kabisa sio kule mdomoni mwa tochi, ni mbele kidogo tu ya ile ncha ya ndani, wengi wanaoanza wanabandika tochi puani mwa pete halafu wanashangaa haishiki joto.

Kujaza: zima, acha ipoe kabisa, geuza chini juu, nenda nje mbali na jiko. Makopo ya gesi usiyaache kwenye gari wala dirishani penye jua, yenyewe yameandikwa yasizidi nyuzi 50, na gari iliyopaki juani hapa Dar mwezi wa pili mnaijua. Na mtungi wako wa kupikia usiwe chumba kimoja na unapofanyia kazi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu ikatokea dirishani, inatambaa sakafuni inakusubiri.

Hatua ya 3: lehemu

Hapa ndo pagumu kupatikana. Njia yangu ni masonara. Nilienda kwa mzee mmoja Kariakoo nikamwambia shikamoo baba, marahaba binti yangu, nikamweleza naunga mwenyewe nyumbani nataka lehemu ya fedha kidogo, akacheka kwanza, akaniuliza unatumia moto gani, nikamwonesha picha ya tochi kwenye simu, ndo akafungua droo. Akanikatia kipande chembamba kama ukucha, akanipimia kwa mzani wa dhahabu. Kile kipande kilinifanyia pete zaidi ya ishirini maana lehemu unatumia chembe tu. Sio wote watakubali, wengine wataona unakuja kuwaharibia biashara, usikasirike jaribu duka linalofata. Kama una mtu anakuja kutoka nje muagize, aseme lehemu ya fedha ya kazi za vito na isiyo na kadimiamu.

Hilo neno kadimiamu lishike. Baadhi ya lehemu za zamani na fimbo fulani za viwandani zimetiwa kadimiamu ili ziyeyuke mapema, moshi wake ukiuvuta unaharibu mapafu na unaweza kukuua, na hauuoni wala haukukerehi muda ule. Fimbo isiyo na maandishi iliyokaa kwenye kopo la kutu dukani, hata ikiwa ya bure, iache.

Lehemu zinaitwa ngumu, ya kati na laini. Laini haimaanishi unaiminya kwa kidole, maana yake inayeyuka mapema. Zipo hivyo ili kama kitu kina maungio mawili, la kwanza unaunga kwa ngumu, la pili kwa laini, la kwanza lisije likaachia wakati unachoma la pili. Ukipata hela ya aina moja tu chukua ya kati au laini.

Sasa kuna ujanja kwa watu wa shaba. Mafundi friji na AC wana fimbo za shaba yenye fosforasi wanazounganishia mabomba. Kwa shaba nyekundu kwa shaba nyekundu zile zinafaa, rangi yake inaendana kuliko lehemu ya fedha ambayo inaacha mstari mweupe, na hata tinikali hazihitaji. Unaigonga fimbo kwa nyundo mpaka iwe bapa nyembamba halafu unakata chembe. Kwenye chuma chenyewe, kile cha nondo na misumari, usizitumie, maungio yanakuwa makavu yanakatika. Kwenye fedha mimi sizitumii.

Hatua ya 4: tinikali

Wazee wanaita tinikali, madukani ukisema boraksi wanaelewa. Bila hii lehemu inakuwa kidonge inaviringika juu ya pete kama tone la maji kwenye jani la mgomba, haiingii popote. Kazi yake ni kuizuia hewa isiifanye shaba kuwa nyeusi pale unapochoma. Masonara wanayo na maduka ya kemikali yanayo. Chukua kigae cha sakafu, geuza upande wa nyuma usiong'aa, dondoshea maji kidogo, sugulia tinikali mpaka upate uji mwepesi kama maziwa. Brashi ndogo ya watoto ya rangi inatosha. Sio ya kula, usiweke kwenye kopo la chumvi.

Penseli ya mtoto nayo ni kifaa hapa. Pale ambapo hutaki lehemu iende, chora na penseli kabla ya kuchoma, lehemu inaogopa ule weusi inaishia pale.

Hatua ya 5: pa kuwekea kazi

Nenda kwa muuza mkaa, usinunue kipimo, mwambie unataka donge moja kubwa lililonyooka lisilo na nyufa. Lisugue kwenye sakafu ya saruji mpaka upande mmoja uwe bapa. Hilo ndo meza yako ya moto, linarudisha joto kwenye pete na linakula hewa ya pale karibu kwahiyo chuma hakichafuki sana. Lifunge na bainding waya ile ya mafundi nondo lisije likapasuka vipande viwili. Chini yake weka tofali la moto, yale ya kujengea tanuru za mikate. Tofali la kuchoma la kawaida linanyonya maji na likipata moto wa ghafla linaweza kurusha kipande usoni, na saruji ndo mbaya zaidi, kwahiyo usifanyie sakafuni.

Ukimaliza kazi, donge la mkaa lizamishe kwenye ndoo ya maji. Sio kulinyunyizia, lizamishe. Mkaa unaonekana umezima huku ndani unaendelea kujila polepole, mimi nililiacha kibarazani usiku nikaamka nikakuta majivu na duara jeusi kwenye kiti cha plastiki.

Mahali penyewe: pasiwe na upepo na pasiwe na jua. Watu wanadhani nje ndo kuzuri, ila ukichomea uani saa sita mchana hutaona ule wekundu wa chuma, na ule wekundu ndo kipimajoto chako pekee. Mimi nachomea barazani kwenye kivuli, nimeweka karatasi la bati pande mbili, feni imezimwa, mlango na dirisha viko wazi moshi upite. Joto lake usiombe, lakini feni inapoza pete upande mmoja na inarusha moto kwenye pazia.

Mavazi. Pamba. Gauni la poliesta, mtandio wa kuteleza, wigi na rasta za nailoni, vyote hivyo vikiguswa na moto haviwaki tu, vinayeyuka vinagandia ngozi. Funga nywele nyuma, kanga jifunge vizuri ncha isining'inie, vaa miwani ya mafundi wa kuchomelea ila ile ya kioo cheupe. Ndoo ya maji moja na ya mchanga moja, namba ya zimamoto ni 114. Ukiungua peleka kidole kwenye maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, dawa ya meno iache ifanye kazi ya meno.

Hatua ya 6: mikono ya ziada

Vibano viwili vya duka la dawa, kirefu kimoja kwa kushikia chenye moto na chembamba kimoja kwa kuwekea chembe. Koleo la kukatia na koleo la mdomo mwembamba. Tupa ndogo bapa, hii nunua nzuri, tupa mbovu inakuharibia kila kitu kinachofuata. Msasa wa namba 400, 600 na 1000, wa kulowesha maji. Kwa kuviringia pete tumia soketi za spana, unazo saizi zote kwenye boksi moja, azima kwa fundi gari wa mtaani kwako. Ukipita Mwenge kwa wachonga vinyago omba kimbao cha mpingo kilichobaki, unakibana ukingoni mwa meza kinakuwa pa kuegemezea wakati wa kupiga tupa, hakiliki haraka kama mbao ya kawaida.

Ile mikono ya chuma yenye vikoleo na lenzi inayouzwa kwa ajili ya redio mimi niliiona haina kazi, lenzi yangu ilivunjika siku ya pili na vikoleo vyake vinanyonya joto la pete.

Hatua ya 7: maji ya kung'arishia

Kitu kikitoka motoni kinakuwa cheusi na kina tinikali iliyoganda kama kioo. Masonara wanatumia asidi kali, wewe tumia ndimu ya unga, ile ile ya urojo. Vijiko viwili vya chakula kwa nusu lita ya maji ya moto, kwenye chombo cha kioo, chombo hicho kikae ndani ya maji ya moto kisipoe haraka. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, asidi inazila, kwahiyo hapana. Siki na chumvi inafanya kazi pia ila polepole, ukwaju unang'arisha shaba vizuri tu lakini unaacha uchafu. Chombo ukishakitumia hakirudi jikoni, kiandikie kwa kalamu ya maka na kiweke juu wasipofika watoto.

Kuna kosa ambalo karibu kila mtu analifanya mara moja. Usiingize kifaa cha chuma cha nondo na misumari kwenye hayo maji. Mimi nilitumbukiza kibano cha chuma kutoa hereni za fedha, zikatoka za pinki. Shaba iliyokuwa imeyeyuka ndani ya yale maji ikitokea chuma inakimbilia kujipaka juu ya fedha, nikakaa na msasa mpaka saa nane usiku. Tumia kijiko cha mbao au vijiti, na bainding waya kama ulifungia kitu itoe kabla ya kutumbukiza.

Hatua ya 8: pete ya kwanza

Chukua waya wa 2.5, upashe moto mpaka uwe mwekundu wa mbali, tumbukiza kwenye maji. Utakuwa laini kama tambi. Viringisha kwenye soketi, kata. Koleo linaacha ncha zimechongoka kama paa la nyumba, zipige tupa mpaka ziwe bapa, zikutanishe, halafu inua pete uangalie kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona mwanga unapita katikati ya maungio, rudi kwenye tupa. Lehemu haizibi pengo, hapo hakuna mjadala, inapita tu pale ambapo chuma na chuma vimegusana. Nusu ya pete zilizonikatikia ni kwa uvivu wa hatua hii.

Osha kwa sabuni, mafuta ya vidole yanazuia lehemu. Kutoka hapo usishike maungio kwa mkono.

Lehemu kata chembe ya milimita moja kwa moja, ndogo kuliko unavyodhani. Weka chembe juu ya mkaa, weka pete juu yake maungio yakiwa yamekalia ile chembe, paka tinikali. Punguza mwanga.

Washa, na usiende kwenye maungio. Zungusha moto pete nzima ukianzia upande wa pili. Kwanza maji ya tinikali yanachemka, halafu inafura nyeupe kama bisi na mara nyingi inaisukuma chembe, tulia, isukumie tena mahali pake na kibano chembamba. Inalala chini. Inageuka kama kioo cha maji, hapo umekaribia. Pete inaanza wekundu wa mbali sana kama makaa yaliyofunikwa na jivu, sasa sogea kwenye maungio, kushoto kulia kushoto kulia ili ncha zote mbili zipate joto sawa maana lehemu inafuata joto, ncha moja ikizidi inapanda huko yote inaiacha nyingine. Halafu ghafla, hakuna onyo, unaona mstari unaong'aa kama zebaki unakimbia kutoka chini kwenda juu ya maungio. Ni sekunde moja. Toa moto hapo hapo. Ukisema ngoja niongezee kidogo ishike vizuri, zinki inachemka inatoka, maungio yanabaki na vitundu, na kama ni fedha pete yenyewe inalegea inakaa chini.

Kama chembe imekuwa kidonge na haiendi, zima. Usiendelee kuichoma kwa hasira, kuna uchafu au tinikali imeisha. Poza, ng'arisha, paka upya, anza tena.

Wekundu ukiisha tumbukiza kwenye maji ya kawaida, sio kwenye ya ndimu, yale yatakurukia machoni. Ndo uhamishie kwenye ndimu dakika 15 hivi mpaka weusi utoke, suuza kwenye maji yenye magadi kidogo kuua asidi, suuza tena. Mawe na shanga vinawekwa baada ya haya yote, tanzanaiti ndo kabisa, joto la ghafla linaipasua.

Sasa rudisha pete kwenye soketi, saizi moja juu ya ile ya mwanzo, na uigonge kwa nyundo ya mpira kuishusha, kwa nguvu, usiionee huruma. Ikiachia pale pale ulipounga, angalia ndani ya mkato: ukiona shaba ya pinki upande mmoja, huo haukupata joto, ukiona vitundu vitundu ulizidisha. Isipoachia ikawa imevutika tu, chukua msasa wa 400.